Sinia la Barazani

Asia alikuwa amechoka, na msidhani ni ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Tangu mumewe Nurudini, muuza vitenge wa Kasulu mjini, alipobanwa na kifua akakimbizwa hospitali, yeye ndiye aliyepigana na lehemu, yale mafuta ya damuni. Daktari Lusajo hakumumunya maneno: "Mzee, mafuta yamezidi kwenye damu, mishipa ya moyo imeanza kuziba. Meza dawa kila siku, tembea, na mapishi yabadilike. Dawa peke yake haitoshi."

Dawa alimeza, kutembea alitembea. Lakini chakula, jamani! Asia alimchemshia samaki, migebuka, kwa ndimu, akampakulia na mchicha kwenye bakuli lake. Akirudi kulichukua bakuli, halijaguswa, na mwenyewe yuko kwenye baraza la duka na wenzake, anachovya ugali wa muhogo kwenye mchuzi wa mbuzi unaoelea mawese. Maana mchana kila apitaye dukani hula pale, kwenye sinia moja linalotoka jikoni kwa Asia. Ndivyo alivyolelewa na baba yake kule Ujiji.

"Nijitenge na bakuli langu kama mgonjwa?"

"Kwani wewe ni nani, kama si mgonjwa?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Vipimo vya pili vilitoka vibaya kuliko vya kwanza. Njiani kurudi nyumbani Asia alilia waziwazi, na Nurudini akajifanya anatazama migomba ya watu.

Kesho yake Asia hakubishana tena. Alipika chakula cha mgonjwa, akajaza sinia zima. Wageni walimega, wakatazamana. Tharsisi, mwalimu mstaafu ambaye hakuwa akikosa chakula cha pale, alikumbuka ghafla kwamba ana kikao. Haikupita wiki, baraza likawa tupu.

"Umenifukuzia watu, mama Saady," Nurudini alisema siku hiyo, amekaa peke yake mbele ya sinia. "Bora nife nikiwa na wenzangu."

Asia alikuwa amemletea maji ya kunawa. Alitua birika chini, magoti yanamuuma, na hasira yenyewe hakuwa nayo tena.

"Watakuja," alisema. "Ukifa watakuja wote, na Tharsisi wako mbele. Nitawapikia pilau, watashiba, wataondoka. Halafu mimi nitabaki na nani, Nurudini?"

Mzee alilitazama sinia. Miaka yote ya ndoa yao Asia hakuwahi kula kwenye sinia lile. Lilikuwa la wanaume. Yeye na mabinti zake walikula jikoni.

Nurudini akajivuta pembeni kwenye mkeka, akapapasa mahali palipobaki wazi.

"Basi kaa, mke wangu. Naogopa na mimi."

Asia akakaa. Nurudini akamega samaki pale kwenye mgongo penye nyama, akamsogezea.

"Lakini hakina ladha," alisema.

"Najua," Asia alijibu, akanawa mikono.