Hatua Ishirini za Majani Makavu

"Hapo umeacha," alisema Rochhinga.

Chalhnuna alikuwa ameinama, fagio la matawi mkononi, akiyasukuma majani ya mianzi kuyarudisha upande wa shamba. Akasimama.

"Wapi, kaka?"

"Chini ya kisiki."

Chalhnuna akachuchumaa. Kweli lilikuwapo jani moja, limejikunja kama sikio la panya. Akaliokota kwa vidole viwili akalitupa shambani, ambako siku ya kuchoma lingeungua pamoja na mengine.

"Jani moja tu, kaka."

"Na moto unaomba mangapi?"

Hiyo ilikuwa siku ya tatu wakifanya kazi pamoja. Mteremko mzima wa Rochhinga ulikuwa umefyekwa tangu msimu wa baridi, miti na mianzi imelala inakauka, na zilibaki siku tisa kabla ya siku ambayo mkuu wa kijiji cha Lungsei alikuwa ameipanga ili mashamba yote yachomwe kwa pamoja. Kabla ya hapo kila mtu alipaswa kusafisha njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba lake. Wengine waliifanya njia yao iwe na upana wa mtu mmoja aliyelala. Ya Rochhinga ilikuwa na upana wa watu watatu, na aliifagia mpaka udongo ukang'aa kama uwanja wa nyumba. Kijijini walimwita Mfagia Msitu. Walimuuliza kama siku hizi nyoka wanavua viatu kabla ya kupita kwake.

Chalhnuna hakucheka. Yeye peke yake, katika kijiji chote, alijua kwa nini utani ule haukuwa na haki.

Miaka sita iliyopita mashamba yao yalipakana. Kona ya chini, yalipokutana, njia ya moto ilikuwa ya wote wawili: Rochhinga afagie kutoka kijitoni hadi kwenye mwamba mweupe, Chalhnuna afagie kutoka mwambani hadi kwenye mti wa msufi. Kipande chake Chalhnuna kilikuwa hatua ishirini tu. Asubuhi ya siku ya kuchoma alikwenda na fagio, akakutana na watu wenye mtungi wa pombe ya mchele, akakaa nao. Jua lilipopanda alikwenda kuwasha bila kufagia. Moto ulipita kwenye kona ile, ukapanda mianzi hadi kijijini, ukala nyumba saba pamoja na mbegu za mpunga za msimu ule. Hakufa mtu. Baraza lilipokaa, kona yote ilikuwa majivu, na majivu hayasemi yalikuwa majani ya nani. Chalhnuna aliapa kwamba alifagia hatua zake zote. Rochhinga, mtu mkweli, alisema naye alifagia, ila hawezi kuapa kwamba hakusahau hata jani moja. Basi faini ikamwangukia Rochhinga. Walichukua nguruwe wake mkubwa, na tangu hapo mbele ya watu alikuwa ndiye aliyechoma kijiji.

Mwaka wa pili Chalhnuna alihama. Alikwenda Khawrual, mwendo wa siku mbili, na huko, msimu wa mvua uliopita, homa ilimlaza akiwa mgeni asiye na ndugu. Waumini wa Khawrual, ambao kila jioni aliwacheka wakipiga ngoma yao na kuimba, walimbeba mgongoni kwa zamu hadi kwenye zahanati ya wamisionari, siku nzima na nusu ya matope. Alimuuliza mmoja wao, mtu mfupi aliyekuwa akihema chini ya uzito wake, kwa nini wanamfanyia hivyo.

"Sisi tulibebwa kwanza," yule mtu alijibu, akamhamishia bega jingine.

Chalhnuna aliamini akiwa bado kitandani. Alipopona alijifunza kusoma, herufi moja baada ya nyingine, kwa kuchora kwenye majivu ya jikoni. Na jinsi furaha ilivyomjaa ndivyo alivyoshindwa kukaa nayo peke yake. Waumini walipouliza nani ataipeleka habari njema ya Mungu Lungsei, ambako hakukuwa na hata mwamini mmoja, alisimama kabla swali halijaisha.

Mkuu wa Lungsei hakumkataza. "Sema unachotaka," alimwambia. "Lakini Rochhinga hamsikilizi mtu tangu mwaka ule. Akikusikiliza yeye, wote watakusikiliza."

Jioni ya kwanza Chalhnuna alisimama mbele ya nyumba ya mkuu akasema kwamba alikuwa mlevi na alitenda mabaya mengi, na Mungu amemsamehe. Watu waliitikia kwa vichwa, wengine wakaguna kwa kupendezwa. Mzee mmoja alimkaribisha kwake aje aseme tena. Aliposhuka kulala aliona aibu. "Mabaya mengi" yalikuwa mepesi kuyatamka. Lile baya moja, la hatua ishirini, hakulitaja. Akilisema, nani mwenye nyumba iliyoungua atakaa chini amsikilize? Asipolisema, milango yote ilikuwa wazi. Kesho yake alichukua fagio akaenda kumsaidia Rochhinga, akijiambia kwamba atasema huko huko. Siku mbili zilipita.

Jua lilipofika utosini Thangkimi, mke wa Rochhinga, alishuka mteremko na kikapu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, kiko cha tumbaku mdomoni. Akatua kikapu kivulini.

"Shemeji," alimwambia Chalhnuna, "mchele ulionipa jana niupike, uliununua wapi? Umechanganyika. Mweupe, mwekundu, mrefu, mfupi. Nimepika nikadhani nimelewa."

"Haukununuliwa, shemeji. Kule Khawrual kila mwanamke akipika anatoa konzi moja kwenye sufuria, anaweka kando. Mwisho wa juma wanakusanya. Ndio chakula cha anayetumwa."

"Hata mwezi wa njaa?"

"Hata mwezi wa njaa."

Thangkimi alitoa moshi puani. "Basi unakula sufuria za watu wasiokujua."

"Baadhi yao hawana mchele wa kutosha," alisema Chalhnuna.

"Na wewe umekuja kwetu kufagia majani." Thangkimi akacheka. "Wakijua, watakudai konzi zao."

Rochhinga naye alitabasamu kidogo, jambo lililokuwa nadra. Alikuwa amekaa, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye njia, yanatembea juu ya udongo taratibu, yanarudi, yanatembea tena. Ghafla akainuka bila kugusa chakula, akaenda hatua kumi, akainama, akaokota kitu kidogo, akarudi.

"Kila siku ni hivyo," Thangkimi alisema kwa sauti ya chini. "Hata ndotoni anafagia. Mkono unakwenda hivi, hivi, juu ya mkeka."

Chalhnuna aliutazama ule wali wa rangi nyingi aliopakuliwa ndani ya jani la mgomba. Akautua chini.

"Kaka Rochhinga," alisema. "Mwaka ule sikufagia."

Rochhinga alimgeukia polepole.

"Zile hatua ishirini. Kutoka mwambani hadi kwenye msufi. Nilikaa na pombe, kisha nikaenda kuwasha. Mbele ya baraza niliapa uongo."

Chini bondeni ndege mmoja aliita, akanyamaza.

"Majani yalikuwapo?" Rochhinga aliuliza.

"Yalifika hapa." Chalhnuna aligusa kifundo cha mguu.

"Na upande wangu?"

"Nilipita asubuhi ile nikauona. Ulikuwa safi, kaka. Hadi mwambani. Hapakuwa na kitu."

Rochhinga alikaa juu ya kisiki. Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyeazimwa mikono na mwingine.

Aliyesema ni Thangkimi. Hakupaza sauti. "Nguruwe yule nilimlea kwa mkono, mama yake alikufa. Lakini achana na nguruwe. Miaka sita ninalala na mtu anayejiuliza kama ni yeye. Wewe ulikuwa unalala wapi?"



Thangkimi akainama, akalichukua lile jani la chakula mbele ya Chalhnuna, akalifunga, akalirudisha kikapuni. Akatwaa kikapu chake akapanda mlima bila kuaga. Chalhnuna hakumzuia. Alikuwa na njaa, na aliona kwamba hiyo ni haki.

Rochhinga alisema, "Utayasema haya kwa mkuu."

"Kesho asubuhi. Mbele ya wazee wote, na wenye nyumba zile saba."

"Watakufukuza."

"Huenda."

"Na maneno yako uliyotembea nayo siku mbili? Nani atayasikia?"

"Nitayasema wakiwa wananifukuza. Njia ya kutoka kijijini ni ndefu."

Rochhinga alitoa sauti puani. Haikuwa kicheko, lakini haikuwa mbali nacho.

"Huyo Mungu wako," alisema, "alikusamehe kabla hujaniambia mimi?"

"Ndiyo."

"Faini sikuilipa kwake. Na jina lililochafuka si lake."

"Ni kweli, kaka. Ndiyo maana nisingeweza kuanza kwa mwingine. Kule Khawrual nilidhani nimetumwa kuja kusema habari zake tu. Nilipofika hapa na kuiona njia yako ilivyo pana, nikajua kuna neno linalotangulia."

"Na ukachukua siku tatu."

"Nilikuwa mwoga. Bado ninaogopa. Nitakwenda hivyo hivyo."

Rochhinga aliinuka. Akachukua fagio lake, na kwa muda alisimama tu, akiutazama udongo uliofagiliwa nyuma yao, ule upana wa watu watatu. Kisha akaanza kufagia mbele. Chalhnuna alichukua lake akaenda upande wa pili. Walifagia mpaka vivuli vya mianzi vikavuka njia. Mara moja jani liliruka na upepo likatua nyuma ya Rochhinga. Alilitazama. Mkono wake ukaenda nusu ya safari, ukasimama, ukarudi kwenye fagio. Akaliacha.

Walipofika kwenye jiwe lenye ukoga, Rochhinga alikata fimbo, akaimenya gamba, akaichomeka ardhini ili kesho wajue walipoishia. Kutoka pale hadi kijitoni zilibaki kama hatua sitini, majani yamejaa, makavu, yanalia chini ya mguu.

"Sijakusamehe," alisema, akiigonga fimbo kwa jiwe iingie vizuri. "Usiende kuwaambia watu nimekusamehe."

"Sitasema."

"Kesho ukitoka kwa mkuu, kama bado una miguu, njoo ufagie. Kazi haijaisha." Akaweka panga lake begani. "Na hayo maneno yako uje nayo. Utayasema nikiwa ninafagia. Sikuahidi kitu."

"Nitakuja, kaka."

Rochhinga alianza kupanda. Chalhnuna alibaki kidogo kwenye fimbo nyeupe, akizipima kwa macho zile hatua sitini, na akilini akayapanga maneno atakayoanza nayo asubuhi: jina lake, jina la mwamba, jina la mti. Kisha akalifunga fagio lake kwa kamba lisifumuke, akaliegemeza kwenye jiwe, akamfuata.