Kuku Aliyejua Kuandika

Unyambwa nzima hakuna mwanamke anayetunza siri kama mimi, Agripina. Basi sogeeni, niwaambie siri moja.

Mjukuu wangu Loyce alikuwa anatafuta kazi ya mitandao Dodoma. Mtihani wake ulikuwa huu: atengeneze kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yake, kitu kisicho na chuma wala waya. Ikikamilika iwe nakala mama, aizalishe nakala kumi zinazofanana hata kikohozi, kisha aziunganishe zizungumze. Saa sita kamili mkubwa wa kazi angepiga simu ya video azione. Asipoziona, kazi anapewa mwingine.

Saa tatu asubuhi aliiacha nakala mama ikijijenga, akaenda dukani kwa Idrissa kununua vocha ya bando.

"Bibi, nilindie kompyuta. Usiguse kitu."

"Niguse nini, kwa macho haya?"

Komeo la ndani limekufa, na upepo wetu ukisukuma mlango kuku wanaingia. Juzi tetea alitembea juu ya vitufe. Kwa hiyo Loyce akafunga kufuli kwa nje. Mimi ndani, na goti langu bovu, na dirisha la nondo. Mbuzi akaja kunichungulia huku anatafuna. Nikajua leo wa zizini ni nani.

Saa nzima nilitazama mistari ikipanda kwenye kioo cha kompyuta. Ghafla ikasimama. Kikatokea kisanduku kinauliza jina, na chini yake neno la siri. La saba yangu ni ya zamani, ila hayo mawili nayajua kwenye simu. Nikangoja. Nacho kikangoja. Nikaita dirishani, upepo ukala sauti. Basi nikaandika agripina, kwa kidole kimoja. Kwenye siri nikaweka neno ambalo halijatoka kinywani mwangu miaka hamsini. Mistari ikaendelea.

Idrissa ana maneno mengi. Loyce alirudi saa tano imeshapita.

"Umegusa?"

"Nani? Mimi?"

Akazalisha nakala kumi, akaziwasha. Zote kumi zikamkatalia kuingia.

"Neno langu la siri la kila siku zinalikataa! Bibi, kujenga upya ni kazi ya saa mbili, na zimebaki dakika ishirini."

Nikakaza macho kwenye bati. Nikisema, nimejiuza. Nikinyamaza, nimemuuza yeye.

"Labda ni yule tetea," nikasema.

Alijaribu hiki, akajaribu kile, mpaka zikabaki dakika saba na machozi yanadondokea vitufe.

"Mama, hebu jaribu jina agripina," nikasema polepole. "Na siri, jaribu… mazengo."

Akaandika. Zote kumi zikafunguka, zikaanza kuitana. Loyce akashusha pumzi, kisha akanigeukia, ufunguo wa kufuli bado uko kiganjani.

"Bibi, huyo kuku aliingilia wapi?"

"Dirishani."

"Sawa. Babu aliitwa Simeoni. Sasa huyu Mazengo, kuku alimjulia wapi?"