Maji ya Rangi ya Machungwa

Kazi yangu ni kuua viwavi. Nawalisha majani mpaka wanenepe, kisha nawanyunyizia mbegu za kuvu na kuwafungia kwenye chumba chenye unyevu. Wanakakamaa wakiwa wamejikunja, halafu migongoni mwao unaota uyoga mwembamba wa rangi ya machungwa. Tunaukausha, tunautia kwenye makopo, unakwenda kwa watu nisiowajua.

Bosi akileta wageni huwaambia maneno yaleyale. Uyoga huu una protini kama nyama. Una vitu vinavyoukinga mwili usichakae haraka, kama rangi inavyokinga bati lisishike kutu. "Ila msimwage maji yake," humalizia. "Faida nyingi imo humo." Mimi huwa nimesimama nyuma ya mlango na ndoo yangu.

Mama alikuwa anasubiri upasuaji wa tumbo. Daktari alisema hawezi kumpasua akiwa mifupa mitupu. Ale protini, aongeze mwili, ndipo arudi kupimwa. Nyama ilikuwa haimkai tumboni. Nikaufikiria ule uyoga.

Kila nilipofika mlangoni kwa Bosi, maneno yalinikauka. Mwishowe msimamizi wetu, tunayemwita Mzee Joto kwa sababu halali mbali na tanuri la kukaushia, alinisukuma ndani.

"Huyu ana shida, Bosi, ila ukingoja aseme mwenyewe utastaafu."

Bosi alicheka. Alinipa uyoga uliovunjikavunjika, nami nikakubali kufanya kazi siku zangu za mapumziko.

Nyumbani anayepika ni wifi, mke wa kaka. Mtaani wanamwita Bi Sabuni. Huosha mchele mpaka unaomba msamaha, na mayai huyasugua kabla ya kuyachemsha. Nilimpa mfuko, nikamweleza auchemshe, mama ale na anywe supu yote.

"Unaota wapi huu?"

"Kwenye viwavi."

"Haya, wifi. Mgonjwa wenu, nyinyi ndio mnajua."

Kila siku nilitoka alfajiri na kurudi jioni, nikimkuta mama ameshakula. Nikimuuliza kama supu ilishuka vizuri, alijibu tu, "Namshukuru Mungu."

Siku ya kupimwa, kaka alimbeba mpaka kwenye mizani. Nesi aliangalia, akaangalia tena. Mama alikuwa amepungua.

"Mrudisheni akinenepa," daktari alisema, wala si kwa ubaya, akaita mgonjwa mwingine.

Tuliporudi nilikwenda nyuma ya jiko kumwaga maji. Kwenye ukuta, kuanzia dirisha la jiko mpaka chini, palikuwa na doa refu la rangi ya machungwa. Mchicha uliojiotea pale chini ulikuwa umenawiri, majani mapana kama viganja. Wifi alikuwa ndani akisugua sufuria.

"Wifi, ile supu ulikuwa unaimwaga?"

"Ile rangi? Nachemsha namwaga, nachemsha tena namwaga, mpaka maji yatakate. Ulitaka mama anywe jasho la funza?" Aliinua macho. "Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani. Mimi ndiye ninayemwosha. Wewe unaondoka, unakwenda kuchezea wadudu wako."

Ni kweli, ndiye anayemgeuza.

Niliingia kwa mama. Kitanda chake kiko chini ya dirisha linalotazama huko huko nyuma ya jiko.

"Mama, ulikuwa unamwona akimwaga?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelia, naye angekuuliza unalia nini." Alijivutia shuka. "Nikigombana naye, kesho nani ataninyanyua? Wewe uko kwa viwavi."

Wifi aliingia na beseni, taulo begani, mikono ya gauni ameshaikunja. Maji yalikuwa yanatoa mvuke, na aliyajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto.

"Mama, tuoge."

"Nipo tayari, mwanangu," mama alisema, akamnyooshea mikono.

Nikasogea kuwapisha.