Sindano ya Pili ya Yumna

Ulipita pale. Usiniambie hukupita. Leo Alkhamisi asubuhi, hapa Mkoani, uliwaona mtu na mkewe wamesimama nje ya lango la kituo cha afya, mtoto wa miaka saba kalala begani kwa baba yake, shavu limefungwa bandeji. Ukageuza uso ukajifanya waangalia bei za mchele dukani. Basi sasa utasoma ulichokikimbia.

Mume ni Haroub Ngwali, mchukuzi wa bandarini. Mke ni Mwatum. Mtoto ni Yumna. Jumamosi Yumna alikuwa Mtambile kwa bibi yake, akiokota vikonyo vya karafuu uani. Akatokea mbwa asiyejulikana wa nani, povu limemjaa mdomoni, akamng'ata chini ya jicho. Bibi alifanya alilolijua: mate ya mbwa ni najisi nzito, akaliosha jeraha mara saba, mara moja kwa udongo na zilizobaki kwa maji tele na sabuni. Jioni ile ile mtoto alipofikishwa Mkoani, Nahla wa chumba cha chanjo alilitoa tope lililobaki, akasema bibi kamsaidia mtoto kuliko anavyojua mwenyewe. Akampiga sindano ya kwanza. Kwenye kadi akaandika ya pili Jumanne, ya tatu Jumamosi, na nyengine mbele.

Kisha akawaeleza wazazi bila kuzunguka. Sindano moja haitoshi. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana, mgonjwa akawa hawezi tena kunywa maji, hakina dawa, na aliyeng'atwa usoni hana muda mwingi.

Jumatatu redio ikatangaza kuwa ofisi zote za umma zimefungwa siku nane kwa sababu za kiusalama, huduma muhimu zitaendelea. Hawakusema muhimu kwa nani. Mchana mtandao wa simu ukakatika. Boti hazikuja tena.

Jumanne Haroub alimleta mwanawe kama kadi ilivyosema, akakuta mlango wa kituo umetiwa kufuli. Langoni limebandikwa tangazo: mwenye dharura apige namba ya bure ifuatayo. Akapiga. Simu haikuita.

"Wakikujibu nisalimie," alisema Nyange, mlinzi wa lango.

Nyange alimwambia amri aliyoachiwa: hafunguliwi mtu bila barua ya sheha, yenye muhuri. Na hapa ndipo Haroub alipokosea, kosa ambalo mimi na wewe tungelifanya vile vile, kwa sababu sisi tumelelewa nalo. Hapa kwetu huandikishi mtoto skuli, hupati kitambulisho wala huombi msaada wa serikali ila kwanza upite kwa sheha. Haroub hakuuliza barua na jeraha vinahusiana vipi. Alimrudisha mtoto kwa mkewe, akaenda.

Sheha, Mzee Masika, alimkaribisha vizuri, akaandika barua kwa hati nzuri, kisha akaikunja bila kuigonga. Mihuri yote ilikusanywa wilayani Jumapili, isije ikatumiwa vibaya. Alimwambia arudi kesho, huenda ikarejeshwa. Jumatano akamwambia arudi kesho tena, na akamwombea dua mtoto. Dua aliiombea mlangoni, hakutoka nje.

Babu zetu walicharazwa bakora hadharani katika kisiwa hiki, na wapo wazee ambao migongo yao bado inakumbuka. Zama zile ulimwona anayekupiga. Siku hizi hakuna anayekupiga. Unazungushwa tu, mpaka mwanao afe kwa utaratibu.

Alkhamisi, basi. Haroub alimpa Nyange barua kupitia matundu ya lango. Nyange akaigeuza mbele na nyuma.

"Mbona haina muhuri?"

"Mihuri imekusanywa, yakhe. Sheha kaniandikia kwa mkono wake."

"Mkono wake naujua. Mie nimeambiwa muhuri."

"Nyange, weye na mie tumesoma Kurani chuo kimoja."

"Ndiyo maana nakusemesha kwa upole."

Mwatum alimuuliza Nyange kama ana watoto. Nyange alisema anao wanne, na wote wanakula kwa kazi hii ya lango.

Kwenye baraza ya kituo, ndani ya uzio, alikaa Nahla na mkoba wake. Huyu ana miaka mitatu anafanya kazi ya kujitolea, hana mshahara wala hayumo kwenye orodha yoyote. Waliporudishwa nyumbani waajiriwa, hakuna aliyekumbuka kumwambia na yeye asije. Kwa hiyo alikuja kila siku na kukaa mbele ya mlango uliofungwa. Ufunguo alikuwa nao mtunza ghala, na mtunza ghala alivuka kwenda Unguja kwa boti ya mwisho, ufunguo mfukoni.

Nahla alikuja hadi langoni, akamgusa Yumna kipaji cha uso, akatazama kadi.

"Hatujachelewa kabisa," alisema. "Lakini tusiongeze siku, ami Haroub. Tena hata moja."

Haroub alimkabidhi mkewe mtoto. Akaruka uzio. Pembeni ya tangi la maji palikuwa na kipande cha nondo kilichobaki na mafundi. Akakichukua, akakipitisha ndani ya kufuli la mlango. Mtu aliyebeba magunia miaka kumi na tano hahitaji kuvuta mara tatu.

"Haroub, nitaita watu," alisema Nyange.

"Waite. Labda watakuja na sindano."

Nahla aliingia mbele, akaenda moja kwa moja kwenye friji ya chanjo. Alipoifungua, taa ya ndani haikuwaka. Alikitoa kipimajoto, akakileta dirishani, akakitazama muda mrefu kwa kitu chenye namba mbili tu. Nyuzi thelathini na moja; chanjo haitakiwi kuvuka nane. Umeme wa kituo ni wa kununua. Uniti zilikwisha Jumanne usiku, na mwenye kuidhinisha zinunuliwe yuko nyumbani kwa amri. Vichupa vilikuwepo, sita, vimepangwa vizuri, vina uvuguvugu kama mayai chini ya kuku.

Jumanne asubuhi, Haroub alipokuwa anaelekea kwa sheha, vilikuwa baridi.

"Mpige hivyo hivyo," Mwatum alisema. Nyange alipoliacha lango kumkimbilia Haroub, na yeye kaingia, mtoto kifuani.

"Siwezi, Bi Mwatum. Huenda ninampiga maji. Nanyi mtarudi nyumbani mkilala usingizi, mkijua kachanjwa."

Haroub aliuliza ilipo nyengine. Nahla alisema Chake. Amesikia hospitali ya huko ina jenereta na wauguzi wawili hawajaondoka. Lakini Mtambile pana kizuizi, na anayepita ni mwenye kibali tu. Kibali hutolewa wilayani. Haroub alianza kucheka, na kicheko chake kikamwamsha mtoto.

Polisi walifika katika dakika kumi, wanne, gari limejaa mafuta. Simu zimekufa, ndiyo, lakini Nyange alikuwa na redio ya mkononi ya serikali, na hiyo haikukatwa hata saa moja. Siku tatu ilining'inia kiunoni mwake, mita mbili kutoka kwa Yumna, ingeweza kumuita mwenye ufunguo, mwenye uniti, mwenye muhuri. Hakuna aliyemwamuru aitumie kwa ajili ya mtoto. Lilipovunjwa kufuli, amri ilikuwepo.

Walimpandisha Haroub garini kwa kuharibu mali ya umma. Mwatum aliwaomba wampeleke na mtoto, gari lifike Chake. Mkubwa wao alimjibu kwa adabu kabisa kuwa gari la polisi halibebi wagonjwa.

Mwatum akamfunga Yumna mgongoni kwa kanga, akashika njia ya Chake kwa miguu. Nahla akatoka naye, kadi mkononi. Maili zaidi ya kumi na tano, jua la saa nne.

Saa hizi wameketi kwenye kizuizi cha Mtambile. Askari wanasema bila karatasi hapapitwi, na mtoto anaomba maji, na bado anayanywa. Wewe una gari. Jirani yako ana pikipiki. Mtaani kwenu mna watu hamsini wenye miguu mizima. Kizuizi kina askari watatu. Acha kusoma, watoe watu majumbani, nendeni mkasimame naye mpaka njia ifunguke. Sasa hivi, angali anayanywa.