Kisanduku Kisichozimwa

...dola elfu nne na mia mbili, na haishuki hata senti, anasema Merridy, mkono mmoja kiunoni na mwingine ameushikilia kwenye plagi ukutani, mara ya tatu sasa, na mara ya tatu namjibu kwamba mimi sikuja kununua, nimekuja kuchukua changu, baba yako aliniahidi, Lindsay mwenyewe, kwa kinywa chake, kwenye kiti kile pale, alisema Mano, nikifa kisanduku hiki ni chako, nami nikamwambia acha upuuzi, utatuzika sisi sote, na sasa kiti kipo, mto wake bado umebonyea pale alipokuwa akikaa, yeye wiki ya sita yupo udongoni, na bintiye niliyembeba mabegani akiwa na meno mawili ananipigia bei kama mteja aliyepotea njia... ahadi, Anko Mano, karatasi yake iko wapi, ananiuliza, na damu inanipanda mpaka masikioni, karatasi, mimi, Manoli Kostoglou, niliyetengeneza televisheni za nusu ya mji huu wa Salisbury miaka arobaini bila karatasi, neno langu ndilo karatasi, sijawahi kumfungia mtu kapasita ya mtumba nikamwambia ni mpya, chuo sikusoma, nilisoma kwa kuungua vidole, lakini mizani yangu sijawahi kuiwekea kidole, muulize yeyote, nenda nyumba kwa nyumba ukawaulize... Anasema hana haja ya kumuuliza yeyote, yupo bwana mmoja wa Melbourne, atakuja Jumapili na betri ya gari, akichukue kikiwa moto, asikizime hata sekunde njia nzima, na noti mkononi, nyumba imeshauzwa, Jumatatu fundi anakuja kukata umeme, kwa hiyo lipa au ondoka, au nichomoe sasa hivi tukose sote.

Hachomoi. Namjua. Au simjui, mkono wake umetulia kuliko wangu, banda hili la mabati linachemka kama birika, nje ndege wanazozana kwenye mkaratusi, na humu ndani kila kitu kipo alivyokiacha mwenyewe, osiloskopu yenye kioo cha kijani, vikopo vya jemu vilivyojaa rezista, kila kikopo na kibandiko chake, harufu ya solda imeingia hadi kwenye mbao, na katikati ya meza kisanduku chenyewe, cha alumini, ukubwa wa mkate, taa moja nyekundu, kinatoa volti kumi, basi, hakiimbi wala hakipiki, volti kumi leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, ndicho jiwe la mizani, mita zote nyingine zinadanganya kidogo kidogo na hiki ndicho kinachoziumbua, na siri yake haina uchawi, ndani mna dayodi moja, kidude kidogo kuliko punje, inayokaa kwenye joto lile lile mchana na usiku, tangu Septemba ya themanini na nane, maana ikipoa mara moja tu ikapashwa upya hairudi pale ilipokuwa, inarudi jirani, kama mtu aliyetoka jela, ni yeye na si yeye... Haijapoa hata mara moja, Merridy anasema, miaka thelathini na moja, ndicho anacholipia yule bwana, na kwa mkono ule wa kiunoni analisukuma daftari hadi tumboni kwangu, soma mwenyewe, kila siku imeandikwa.

Silitaki daftari hili. Miaka yote nimelikwepa, nikija naweka boksi la mikate ya nyama juu yake makusudi, Lindsay analifuta mafuta kwa mkono wa shati bila kusema neno... lakini mikono haina adabu, imeshalifungua, limefunguka nyuma, na mwandiko si wake. Herufi kubwa, zinaegemea kushoto, tarehe, joto la banda, namba, saa kumi na mbili jioni, kila siku, tangu alipolazwa, na siku aliyofariki, namba ipo, na siku ya mazishi, tulipokuwa wote ukumbini tunakula keki na kusema maneno ya ukumbini, nyuzi ishirini na tisa, namba, alitoroka kwa baba yake aliyekufa akaja kwenye banda hili na viatu vya msibani kuandika volti... Nani kakwambia uendelee, namuuliza, na sauti yangu imeshuka yenyewe. Aliniomba, anasema. Kisha anacheka kicheko kisicho na meno, anasema umri wake wote aliapa siku mzee akifa atakichomoa kisanduku hiki kabla ya chai, maana unajua, Anko, Robe, kule baharini, hatukwenda hata mara moja, kila Januari mama anafunga mizigo, anaweka taulo kwenye gari, na kila Januari baba anasema nendeni nyie, kuna kitu bado sikielewi, mama akafa akiwa na taulo ambazo hazijawahi kuona bahari. "Kimenilia baba yangu hicho," anasema, "na mimi nakiuza kwa bei ya baba." Ndiyo maana haishuki. Nilidhani ni tamaa. Kuna kitu bado sikielewi... tangu lini alianza kusema hivyo, Lindsay, mtu aliyekuwa anaelewa kila kitu, aliyekuwa akisikiliza transfoma kama daktari anavyosikiliza kifua, tangu lini, usiniulize, mimi ndiye ninayejua tangu lini, tarehe naijua kuliko ya harusi yangu, na vidole vinarudisha kurasa, elfu mbili na tisa, elfu mbili na tatu, acheni, elfu mbili na moja, nimesema acheni...

Tarehe kumi na moja Februari, tisini na tisa. Nyuzi arobaini na moja. Alikuwa ameitoa betri ya akiba, imevimba, akasema naenda dukani kununua nyingine, nusu saa tu, Mano, kwa sasa kinakula umeme wa ukutani peke yake, usiguse kitu, akatoka na kofia yake, na mimi jasho linadondokea kwenye saketi ninayoilehemu, jasho linalia tss juu ya pasi ya kulehemea, nikataka feni, feni tu, soketi zimejaa, nikapapasa nyuma ya meza nikachomoa plagi moja nikachomeka feni, hewa ikaja, nikaona raha, nakumbuka ile raha, Mungu anisamehe, nikaendelea kulehemu na mgongo kwa kisanduku, nikamaliza miguu minane ya kile kidude, kisha nikageuka kutafuta koleo na taa haikuwepo. Nilifikiri imeungua. Ndivyo nilivyofikiri, taa imeungua, mtu hawazi haraka anapotaka kuwaza polepole. Dakika nne, labda tano, hapana, nne, nimezihesabu mara elfu, miguu minane, nusu dakika kila mguu. Nikarudisha plagi. Taa ikawaka kama haijatokea kitu. Nikakaa kwenye joto bila feni, nikatoa jasho kwa adabu, na Lindsay akaingia na betri na mikate miwili ya nyama, mmoja wangu, wenye pilipili, akauliza kimya hapa, nikasema kimya. Mpaka hapo ni ajali. Ajali si deni, fundi yeyote huchomoa plagi isiyo yake. Lakini ukurasa unafuata, kumi na mbili Februari, namba imeshuka, sehemu kumi na nne za milioni moja za volti, upuuzi, sisimizi akikohoa anatikisa zaidi ya hapo, na pembeni yake kwa mwandiko wa Lindsay, mwembamba kama uzi, Kwa nini. Siku ya pili, Kwa nini. Siku ya tatu aliniuliza. Nakumbuka alivyoniuliza, si kama polisi, aliniuliza huku akinimiminia chai, Mano, siku ile nilipotoka, je, umeme uliyumba. Na ningesema. Kinywa kilikuwa wazi. Halafu nikaona miaka kumi ya namba zake, na uso wake, na mimi fundi wa televisheni asiye na cheti aliyeruhusiwa kukaa kwenye meza hii, nikasema hapana, taa ilikuwa inawaka muda wote, nilikuwa naitazama... na hapa ipo, sikujua kwamba aliandika, kwa nini uliandika, ipo kwenye mstari wake, Mano alikuwepo, ameshuhudia umeme haukukatika, Mano hasemi uongo, kwa hiyo kosa ni langu.

Kosa ni langu. Miaka ishirini baadaye bado lake, kila ukurasa, amebadilisha rezista, amesuka upya waya za tanuri dogo linaloipasha dayodi, amewaandikia watu sita walionunua kwake visanduku kama hiki kwamba usanifu wake una ufa asioujua, akawarudishia pesa zao, wote sita, nilimsaidia kubandika stempu, mimi, nilizilamba kwa ulimi huu, na hakujenga kingine tena, mikono ile, hakujenga kingine... namba ya mwisho kwenye mita iliyofungwa kwenye kisanduku haitulii, tano, sita, tano, kama kifua cha mtu aliyelala, na mto wa kile kiti, siutazami, nahisi umebonyea zaidi kuliko nilipoingia. Anko, unasikia ninachosema, ni Merridy, anasema elfu nne na mia mbili, na mimi naona sasa uchafu wa jambo hili, maana nikifungua kinywa na kusema kilizimika, bei yake imekufa, bwana wa Melbourne hatakitaka, kitabaki chuma cha mia tatu, nami nitakibeba kwa mia tatu, na Merridy atasema ameanza, huyo mwenye neno, kamsingizia marehemu ili apunguziwe, na atakuwa na haki, ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo, ukweli umekaa miaka ishirini mpaka umeota faida, umenuka pesa, ndivyo unavyochelewa, na nikinyamaza, nikamwacha yule wa Melbourne alipie kisichokuwapo, basi nimeuza kapasita ya mtumba, nimeiuza kwa mkono wa yatima. Na changu, changu kipo wapi humu, nilikuja kudai ahadi, Lindsay aliniahidi kwa sababu Mano hasemi uongo, aliyeahidiwa si mimi, ni mtu mwingine aliyekuwa akikaa mahali pangu akila mikate yangu... Nitalipa. Zote. Zipo garini, za kubadilisha gia ya lile gari, nitazihesabu mbele yake moja moja bila kupunguza hata sarafu, kwanza pesa, ili neno likija lisiwe na bei, kisha aseme atakalosema, anifukuze, achomoe, avunje, ni halali yake, lakini namba hii kwenye ukurasa huu haina kosa la Lindsay na hailali mpaka hilo liandikwe.

Basi, anasema, jibu lako nini, na mkono wake bado upo pale pale kwenye plagi, taa inawaka, jasho linanitiririka mgongoni, nje wale ndege bado wanazozana, nimeweka kidole kwenye tarehe kumi na mbili Februari ili ukurasa usinikimbie, na nasikia sauti yangu, kavu, kama ya mtu anayedai chenji.

"Nalipa zote, zipo garini. Kisha kuna mstari mmoja nadaiwa humu. Nipe kalamu ya wino."