Gari Lisiloguswa na Mvua

Ni ng'ombe gani huyu: hali majani, hatoi maziwa, na bado analala pazuri kuliko wenye nyumba? Kwa Maman Eulalie jibu lilikuwa ndani ya garaji: Alfa Romeo nyekundu ya zamani, gari la mashindano lenye viti viwili, ambalo mume wake, Papa Polycarpe, aliachiwa na patron wake, tajiri wa shamba la chai. Garaji ilikuwa ya mawe, imekaa juu ya mwamba. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, kwenye mteremko juu ya ziwa, na mteremko ule ulikuwa unatembea.

Tangu mvua zianze, Eulalie hakutulia. Anachagua maharagwe, anaacha, anaenda kupima ufa wa ukutani. Mwezi uliopita ufa ule ulimeza kucha tu. Sasa kidole chote kilizama ndani.

Asubuhi hiyo akaja Raphaël, mnunuzi wa magari ya zamani kutoka Bujumbura. Akalizunguka gari, akalala chali kulitazama chini, akataja bei. Ilitosha kununua nyumba ndogo kule Kavumu, kwenye udongo usiokimbia.

"Hapana," Polycarpe akasema. "Gari kama hii bei inapanda kila mwaka. Ni ng'ombe: inakaa tu, inazaa."

"Inapanda kama iko kavu, Papa," Raphaël akasema. " Kutu ikiingia, inashuka mbio. Niko hoteli mpaka saa nane."

Mnunuzi akaenda zake. Eulalie akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Muzee, hiyo ng'ombe yako miaka yote iko na mimba. Itazaa siku gani?"

"Mwaka kesho, maman. Vumilia."

"Mwaka kesho tutakuwa ndani ya ziwa, matofali juu ya kichwa!" Akamwita binti yao. "Ghislaine! Beba magodoro. Tunahamia mu garaji."

"Na gari, mama?"

"Ilale inje. Kama bei inapanda, ipande na mvua."

Ghislaine akacheka, mama hakucheka. Wakalisukuma gari mpaka katikati ya lupango, kwenye uwanja wazi wa nyumba. Polycarpe akawafuata kama kuku aliyenyang'anywa vifaranga. "Polepole! Rangi! Mutaikwaruza!" Godoro likapita, sufuria zikapita, picha ya Bikira Maria ikapita.

Kilimani kukawa kweusi. Tone la kwanza likaanguka juu ya kapo, kifuniko cha injini, pa! Mzee akalifuta kwa mkono wa koti. La pili, la tatu. Akavua koti lote, akalitandaza, akabaki na shati, anatetemeka. Alipoinua kichwa akauona ukuta wa nyumba. Ule ufa ulikuwa umefunguka: toka pale nje, kitanda chao kilionekana.

"Ghislaine, leta telefone." Akaipokea, akapiga. "Raphaël? Ni Papa Polycarpe. Kuja! Kuja mbio, bado iko kavu!"

Eulalie akaweka chini sufuria, akavuta turubai, akashika pembe mbili, akamtupia mume wake zile zingine.

"Shika vizuri, muzee. Maji iko inaingia upande wako."

Wakasimama hivyo, gari katikati yao, macho barabarani.