Sayari Yenye Kuchelewa

Bwana yangu Sébastien anafundisha fizike kule Walikale. Miye nalima shamba yetu hapa Muheto. Kila akirudi, tulikuwa tunafungua ordinatere yake, kompyuta yenye vipimo vya darubini, na kupima saa ambayo sayari ya mbali sana inapita mbele ya nyota yake, na mwangaza wa hiyo nyota unapunguka kidogo.

Sayari moja ilikuwa inachelewa kila mara. Nikacheka: "Labda barabara yake iko na matope."

"Hapana, Mukagasana," akasema. "Kama inachelewa hivi, kuko ingine karibu yake. Hatuione, lakini njo inaivuta."

Kisha yeye mwenyewe akaanza kuchelewa. Mara matope, mara bariyeri, mara pikipiki imeharibika. Nikameza yote. Lakini kwetu, mwanaume akitoka safari anakula kwanza kwa bibi yake, na Sébastien alikuwa anasukuma bugali yangu pembeni.

Leo amechelewa tena. Nikamupakulia bugali na sombe ya majani ya muhogo.

"Nimeshiba, mama. Barabara iko mubaya."

Nikamuwekea ordinatere kando ya sahani.

"Weye mwenyewe njo ulinifundisha, Sébastien. Huyo mwenye kukuvuta, anapikaka nini?"